Mali bila Daftari: Kufufuliwa kwa Mitambo ya Michezo

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na aghalabu mfano tuutoao ni wa duka na mwenye duka. Katika makala haya twapenda kuwaletea wasomaji mfano mwingine, uliotokea Japani na Marekani, ambao mali yake ni chipu, yaani kile kipande kidogo cha silikoni kifanyacho kazi ya ubongo ndani ya mashine.

Tarehe 15 Julai 1983 kampuni ya Nintendo ilianza kuuza huko Japani mtambo wa michezo uitwao Famicom, ambao mchezaji aliuunganisha na televisheni ya nyumbani. Mwaka 1985 mtambo huo uliingia Marekani kwa jina la NES. Ndani yake mlikuwa na chipu mbili kuu kutoka kampuni ya Ricoh: moja ilifanya hesabu na kutoa sauti, nyingine ilichora picha. Mitambo zaidi ya milioni 60 iliuzwa duniani. Walakini, mwaka 2003 Nintendo iliacha kuunda Famicom, na mwaka 2007 ikaacha hata kuzikarabati zilizoharibika, kwa kuwa vipuri vilikuwa adimu.

Hapo ndipo lilipo swali letu. Chipu iliyokufa haishoneki kama kiatu. Je, michezo iliyotungwa kwa ajili yake nayo izikwe?

Njia ya kwanza ya kuiokoa ni kuandika programu ya kompyuta inayoiga mtambo wa kale. Njia hiyo ni njema, na imehifadhi mengi. Hata hivyo, programu kwa kawaida hutekeleza maagizo yake kwa zamu, ilhali katika mtambo wa asili chipu zote zilifanya kazi kwa pamoja. Ni kama mpigaji mmoja aliyeachiwa ngoma za kundi zima: akiwa na mikono myepesi ataweza kuyaridhisha masikio yetu, lakini bado anapiga moja baada ya nyingine.

Njia ya pili ilifunguliwa na Ross Freeman, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Xilinx huko Marekani. Mwaka 1985 kampuni hiyo ilitoa chipu ya namna mpya, yenye vyumba 64 vya mantiki. Chipu ya kawaida hutoka kiwandani ikiwa imekwisha kupangwa. Hii mtumiaji mwenyewe huipanga viungo vyake, na akitaka huvipangua na kuvipanga upya. Siku hizi chipu za aina hiyo zina vyumba maelfu kwa maelfu. Mwaka 2017 Alexey Melnikov alianzisha mradi wa MiSTer, ambao kwao bodi moja huweza kuwa Famicom leo, na kesho ikawa mtambo mwingine kabisa.

Lakini chipu hiyo haijui lolote mpaka iambiwe. Daftari liko wapi? Ilibidi chipu za kale zenyewe zisomwe. Mwaka 2010 Greg James, Barry Silverman na Brian Silverman walionyesha jinsi walivyoisoma chipu ya 6502, iliyotoka mwaka 1975. Waliondoa gamba lake kwa tindikali, wakaipiga picha kwa hadubini, wakafuatisha transista zake, zaidi ya 3,500. Baadaye chipu za Ricoh nazo zilisomwa vivyo hivyo. Ndani ya ile ya hesabu ilionekana 6502, isipokuwa sehemu ya hesabu za desimali: saketi yake ipo, bali viungo vyake vimekatwa.

Ile ya picha nayo ina kasoro yake. Haiwezi kuonyesha zaidi ya vikaragosi vinane katika mstari mmoja wa televisheni; cha tisa hakionekani. Ndiyo maana watungaji wengi wa michezo walivionyesha kwa kupokezana, vikawa vinapepesa. Mnakili afanyeje? Akiiondoa kasoro hiyo, picha zitatulia, lakini mtambo huo si ule tena. Mnakili mwaminifu huiacha kama ilivyo, kwa sababu watungaji waliijua na wakaifanyia kazi pamoja nayo.

Hapa nasi walimu wa lugha tunaguswa. Kalamu nyekundu haitutoki mkononi. Mwanafunzi akituletea masimulizi aliyoyaandika kutoka kinywani mwa bibi yake, mara twafuta neno la lahaja na kuweka lile la kitabuni. Insha ya mwanafunzi na tuisahihishe, kwani ni kazi yetu. Bali maneno ya bibi na tuyaache yalivyo. Atakapokuwa hayupo, daftari lile ndilo litakalokuwa sauti yake, na hatutakuwa na mahali pengine pa kuuliza.