Watumishi wa Nyumba Nyeupe na Kufungwa kwa Serikali

Nyumba Nyeupe, makao ya Rais wa Marekani mjini Washington, ina vyumba 132, na kila chumba kina mwenye kukifagia. Wamo wapishi, madobi, maseremala, mafundi wa umeme, wapangaji wa maua na watumishi wa mezani. Aghalabu watu hawa hukaa humo miaka ishirini au thelathini, hali bwana wa nyumba hupita kwa miaka minne au minane. Eugene Allen aliingia mwaka 1952, akatoka mwaka 1986, naye alikuwa amewatumikia marais wanane. Walakini historia ya nyumba hiyo imeandikwa zaidi kwa majina ya wapitaji.

Ujira wa watumishi hao una historia yake, na mwanzo wake si mzuri. Marais wa kwanza waliwalipa watumishi kwa fedha zao wenyewe, na wale waliotoka majimbo ya kusini walikuja na watumwa ambao hawakulipwa kitu. Paul Jennings, aliyezaliwa utumwani mwaka 1799, alimtumikia Rais James Madison humo angali kijana. Madison alipokwisha kufa, mjane wake alimkodisha Jennings kwa Rais James Polk, na ujira wa kazi ile ukaenda kwa mjane. Jasho lilikuwa la mmoja, malipo yakawa ya mwingine. Jennings alipata uhuru wake mwaka 1847, na kumbukumbu zake zikapigwa chapa mwaka 1865.

Baadaye hazina ya taifa ilichukua mzigo wa mishahara. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa maana mtumishi alitoka katika mkoba wa mtu mmoja akawa mwajiriwa wa serikali. Lakini hatua hiyo hiyo ilimwingiza katika ugomvi wa bajeti, ugomvi ambao yeye hana sauti ndani yake.

Sheria ya Marekani hairuhusu fedha kutumika bila ya idhini ya Bunge lao, Kongresi. Mwaka 1884 Kongresi ilikataza pia serikali isipokee kazi ya bure, ila panapokuwa na hatari kwa uhai wa watu au kwa mali. Sababu yake ilieleweka: ofisi zilikuwa zikimaliza fedha za mwaka, watu wakaendelea kufanya kazi kwa jina la hiari, kisha wakaja kudai malipo. Hata hivyo, kwa muda mrefu bajeti ikichelewa kazi hazikusimama. Ni Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti aliyetoa maoni, mwaka 1980 na 1981, kwamba pasipo idhini ya fedha hapana budi ofisi zifungwe. Tangu hapo kuchelewa kwa bajeti kukawa kufungwa kwa serikali.

Tazama basi lililompata mtumishi. Akipewa likizo ya lazima bila ya malipo, haruhusiwi kurudi kung'arisha vyombo vya fedha hata kama moyo wake wapenda, maana utumishi wake wa bure ni kosa mbele ya sheria. Rais naye analindwa na Katiba: mshahara wake, ambao tangu mwaka 2001 ni dola 400,000 kwa mwaka, haupunguzwi wakati wa muhula wake. Wabunge nao huendelea kulipwa. Wagombanao juu ya mfuko hawaguswi na kufungwa kwa mfuko.

Mwezi wa Oktoba 1, 2013, wakati wa Rais Barack Obama, serikali ilifungwa kwa siku 16. Kwa mpango uliotangazwa, kati ya watumishi 90 wa makao hayo walibakishwa 15 tu. Waliobaki walifanya kazi bila ya kujua siku ya malipo, na waliokwenda nyumbani walikwenda bila ya kujua siku ya kurudi. Chakula hakikuwa shida ya jamaa ya Rais, kwani kwa desturi hujinunulia chao wenyewe. Kilichopungua ni mikono.

Upungufu huo ulionekana wazi tarehe 14 Januari 2019, katika kufungwa kulikodumu siku 35. Rais Donald Trump aliwakaribisha vijana wa Clemson, mabingwa wa kandanda ya Kimarekani, na kwa kuwa wengi wa watumishi wa nyumba walikuwa wamekwenda likizo ya lazima, alinunua kwa fedha zake vyakula vya maduka ya McDonald's na Wendy's. Vikapangwa juu ya sinia za fedha, mishumaa ikawaka. Picha ile ilizunguka dunia na watu wakacheka. Wachache waliuliza wapishi wenyewe walikula nini jioni ile.

Siku mbili baadaye sheria ilitiwa sahihi kwamba kila mwajiriwa wa serikali aliyekosa mshahara kwa sababu ya kufungwa atalipwa mambo yakiisha. Ni faraja, lakini kodi ya nyumba na karo hazingoji mambo yaishe. Katika kufungwa kwa mwaka 2025, kulikodumu siku 43, serikali yenyewe ilitia shaka kama sheria ile inawapa haki wote waliokaa nyumbani, hata Kongresi ikalazimika kuyaandika malipo hayo upya katika sheria ya tarehe 12 Novemba. Katika siku hizo hizo za ukata, Mrengo wa Mashariki wa Nyumba Nyeupe ulibomolewa ili pajengwe ukumbi wa karamu, kwa fedha zilizoelezwa kuwa ni za wafadhili. Mashine za kubomoa hazikufungwa na bajeti.

Sheria ya mwaka 2019 haikuwagusa wafanyakazi wa makandarasi, wale wanaofagia, wanaolinda na wanaopika katika majengo mengine ya serikali mjini humo. Ofisi zilipofunguliwa walirudi kazini, na siku zao zilizopita hazikulipwa.