Kosa la mstari mmoja

Muhula uliopita nilifanya kosa la kijinga kwenye kazi ya kikundi. Tulikuwa na jedwali la majibu ya watu mia mbili. Nikapanga safu ya majina kwa alfabeti, safu ya majibu nikaiacha pale pale. Kompyuta haikulalamika. Tukasimama mbele ya darasa tukaeleza, tena kwa kujiamini, maoni ya watu ambao hawakuyasema. Beshte yangu aligundua wiki mbili baadaye, na hata yeye ilikuwa bahati tu.

Sisi tulipoteza alama. Lakini kosa la familia hiyo hiyo liliwahi kufika hadi kwa wagonjwa wa saratani. Waliolinasa walitumia lugha ya programu ambayo pengine umelazimishwa kuisoma chuoni bila kuambiwa ilitoka wapi: R. Wacha tuanzie New Zealand.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ross Ihaka na Robert Gentleman walikuwa watu wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Auckland. Walitaka programu ya kufundishia kwenye maabara yao ya kompyuta za Macintosh, na zilizokuwepo hazikuwafaa. Wakaandika yao. Kwa nje waliifananisha na S, lugha ya takwimu iliyozaliwa Bell Labs huko Marekani. Ndani wakaweka mawazo ya Scheme, lugha ndogo inayojengwa kwa fankshoni.

Fankshoni inafanyaje kazi? Ni kama kupeleka kitambulisho saiba utolewe kopi. Kopi wataikuza, wataikata, hata wataichorachora, lakini kitambulisho chako kinarudi mfukoni vile kilivyokuwa. Kwa R, kwa kawaida, fankshoni ikipewa data haiichafui ile ya mwanzo. Inakurudishia matokeo mapya, unayapeleka kwa fankshoni inayofuata. Na kila hatua imeandikwa, kwa hivyo mtu mwingine anaweza kuanza na data yako ghafi na kupita njia ile ile. Kama ningefanya hivyo badala ya kubofyabofya, beshte angeona kosa langu siku ile ile.

Mwaka 1995 walifanya uamuzi uliobadilisha kila kitu. Mwenzao Martin Mächler, wa Zurich, aliwashawishi waitoe R bure chini ya leseni ya GPL. Yaani chukua, soma ndani, badilisha, gawa. Ukigawa ulichobadilisha, nawe uwape wengine uhuru huo huo.

Kisha biolojia ikafurika data. Juni 2000 ilitangazwa rasimu ya kwanza ya jenomu ya binadamu, na tayari maabara zilikuwa na vifaa vya kupima maelfu ya jeni kwa mpigo. Wanabiolojia wengi walikuwa wanapambana na majedwali makubwa kuliko langu mara elfu. Mwaka 2001 Gentleman, akiwa sasa Boston, alianzisha na wenzake mradi wa Bioconductor: maktaba huria ya bioinfomatiki inayoendeshwa na R.

Hapa ndipo napenda hii historia, kwa sababu walipanga kabla ya kukimbia. Kwanza, walitengeneza chombo kimoja kinachobeba vipimo vya jeni pamoja na maelezo ya sampuli. Ukitoa mgonjwa mmoja, vipimo vyake na maelezo yake vinatoka pamoja. Soma tena aya yangu ya kwanza uone kwa nini nilicheka kwa uchungu nilipojua hili. Pili, kila pakeji ilitakiwa kuja na mwongozo wenye mifano inayoendeshwa kweli, si maneno matamu tu. Tatu, walizoea kutoa toleo mara mbili kwa mwaka, pakeji zikiwa zimejaribiwa pamoja ili zisigombane. Toleo la kwanza, Mei 2002, lilikuwa na pakeji 15. Leo zimepita 2,000.

Sasa turudi kwa wagonjwa. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha kazi iliyosisimua dunia: kwamba ukisoma jeni za uvimbe, unaweza kujua dawa gani ya saratani itamfaa mgonjwa. Majaribio kwa watu halisi yakaanza. Huko Houston, Keith Baggerly na Kevin Coombes wakajaribu kurudia hesabu hizo. Zikakataa. Hatua zote hazikuwa wazi, kwa hivyo ikabidi wafanye kazi ya upelelezi, wakiandika uchunguzi wao kwa R ili yeyote aweze kuurudia.

Walichokuta kinatisha kwa udogo wake. Kuna orodha za jeni zilizoteleza kwa mstari mmoja. Jeni iliyotajwa haikuwa yenyewe, ilikuwa jirani yake. Kuna mahali lebo zilikuwa zimegeuzwa, chembe zinazoshindwa na dawa zikaitwa zinazoistahimili. Walichapisha haya mwaka 2009. Majaribio yakafungwa mwaka 2010, na ile makala ya 2006 ikafutwa Januari 2011.

Fikiria uko kitandani, umetia sahihi, unadhani dawa yako imechaguliwa na sayansi. Kumbe kuna mstari uliteleza.

Sisemi R ni malaika. Unaweza kuandika upuuzi kwa R, mimi ni shahidi. Ninachosema ni kwamba hakuna lugha inayozuia binadamu kukosea. Kinachookoa watu ni kazi iliyoandikwa hatua kwa hatua na kuachwa wazi, ili mtu asiyekujua na asiyekuogopa aweze kuirudia.

Siku hizi kila mtu ananiambia anataka kujenga app kubwa. Poa. Lakini mwaka 2001 kuna watu waliokaa chini na kuamua kwamba mwongozo ni lazima na kwamba data na majina yake hayataachanishwa. Haipendezi kwa picha. Ndiyo maana bado inatumika.

Jedwali langu la muhula huu limeandikwa kwa R, hatua zote zipo, na beshte yangu ana kopi. Nimemwambia atafute kosa.