Kutoka Mwenge hadi Karabai: Mtumbwi, Lusenga na Historia ya Uvuvi wa Ndagala katika Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Nyumbani kwa babu yangu mzaa mama, upande wa Rumonge kusini mwa Burundi, kuna vitu viwili vilivyobaki kutoka siku zake za ziwani. Cha kwanza ni mpini mrefu wa lusenga, umeegemezwa ukutani nyuma ya jiko. Cha pili ni karabai isiyowaka tena, tangi lake limeota kutu. Nilipomuuliza habari za vitu hivyo alinijibu kwa ufupi: lusenga alijitengenezea mwenyewe, lakini karabai aliipata kwa mkopo, na deni lake alililipa kwa samaki kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia.

Jibu hilo ndilo lililonipa mada ya insha hii. Mara nyingi tunapofundishwa historia ya uvuvi katika nchi zetu, tunaelezwa kwamba zamani palikuwa na zana duni, kisha wakaja Wazungu na zana bora. Maelezo hayo yana ukweli kiasi, lakini yanaficha jambo kubwa zaidi. Katika Ziwa Tanganyika, ujuzi wa kuvua ndagala kwa mwanga usiku ulikuwa mikononi mwa wavuvi wenyewe kabla ya ukoloni. Kilichobadilika katika karne ya 20 ni umiliki wa zana kuliko ujuzi wenyewe: zana ambazo mvuvi aliweza kuzitengeneza ziligeuka kuwa zana ambazo lazima anunue, akope, au azitumie kwa niaba ya tajiri.

Ziwa na mtumbwi wake

Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 650, na kina chake kinafika takriban mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal. Linamilikiwa na nchi nne: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina takriban asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania asilimia 41, Burundi asilimia 8 na Zambia asilimia 6. Kwa hiyo sisi Warundi tuna kipande kidogo cha ziwa, lakini mji wetu mkubwa, Bujumbura, uko ufukweni mwake.

Chombo cha asili cha ziwa hili ni mtumbwi wa gogo moja lililochongwa. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858 hawakuwa na njia nyingine ya kulichunguza ziwa. Speke alivuka mwezi Machi hadi kisiwa cha Kasenge, upande wa magharibi, kutafuta jahazi la mfanyabiashara Mwarabu, akarudi bila jahazi. Mwezi Aprili wote wawili walikwenda kaskazini hadi Uvira kwa mitumbwi ya wenyeji na wapiga makasia wa wenyeji. Hata Livingstone na Stanley, mwishoni mwa mwaka 1871, walitumia mtumbwi kwenda kuthibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani na hautoki humo.

Burton alieleza kwamba mitumbwi mikubwa ya Ujiji ilitoka Ugoma, ng'ambo ya magharibi, ambako miti mikubwa ilikuwa bado mingi. Jambo hili lina uzito katika hoja yangu, kwa sababu linatuzuia kuipamba historia ya kale kupita kiasi. Si kweli kwamba mvuvi wa zamani alijitengenezea kila kitu. Mtumbwi mkubwa ulikuwa mali. Ulichongwa na mafundi wa upande mmoja wa ziwa, ukauzwa upande mwingine, na asiyekuwa nao alilazimika kuvua pamoja na mwenye nao. Tofauti ya mwenye chombo na asiye na chombo haikuanza na Wazungu. Hata hivyo, baada ya kuupata mtumbwi, vifaa vingine vilitoka porini na mikononi mwa mvuvi mwenyewe.

Lusenga na mwenge

Ndagala, ambao Tanzania huwaita dagaa na Zambia huwaita kapenta, ni samaki wadogo wa aina mbili: Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Mchana hukaa chini kwenye maji ya kina. Usiku hupanda karibu na uso wa maji wakifuata wadudu wadogo wanaowala, na wakiona mwanga katika giza huukusanyikia. Nyuma yao hufuata samaki wakubwa wanaowawinda, hasa mukeke, ambaye Kigoma anaitwa mgebuka.

Mbinu ya lusenga ilijengwa juu ya tabia hiyo. Lusenga ni wavu wenye umbo la mfuko au pia, uliofungwa kwenye duara la mti na kushikwa kwa mpini mrefu. Zamani wavu wenyewe ulisukwa kwa nyuzi za mimea. Wavuvi walitoka usiku usio na mbalamwezi, wakawasha moto wa matete au kuni kavu mbele ya mtumbwi. Mmoja au wawili walishika makasia na kuuzuia mtumbwi usiyumbe wala usisukumwe na upepo. Mwenye lusenga alisimama mbele, akasubiri samaki wazidi kuwa wengi, kisha akaizamisha lusenga chini ya kundi na kuipandisha kwa nguvu.

Ukiitazama kwa haraka, kazi hii inaonekana kuwa ya nguvu tu, lakini inahitaji mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni kuujua mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mwanga wa moto haushindani nayo, na wavuvi hupumzika. La pili ni kuumudu mtumbwi, kwa sababu mtu aliyesimama mbele akiinua uzito anaweza kuupindua. La tatu ni subira. Ukiinua mapema unapata samaki kidogo na kuwatawanya wengine. Ukichelewa, mukeke wanavamia na kundi linapotea.

Lusenga ilikuwa na mpaka wake pia. Ilifika mita chache tu chini ya uso wa maji. Samaki waliobaki chini hawakuguswa. Mvuvi wa lusenga hakuhitaji sheria ya kumzuia kuvua kupita kiasi, kwa kuwa urefu wa mpini wake na nguvu za mikono yake vilikuwa sheria tosha. Sisemi kwamba alikuwa mhifadhi wa mazingira kwa makusudi. Ninasema zana yake ilimpimia.

Mbali na lusenga palikuwa na mitego ya kusukwa iliyowekwa kwenye maji mafupi na midomo ya mito, na mishipi yenye ndoana kadhaa iliyoteremshwa kutoka kwenye mtumbwi kuvulia mukeke. Mshipi na ndoana bado vinatumika hadi leo.

Karabai na wavu wa kuinua

Badiliko la kwanza lililetwa na soko. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, na dagaa waliokaushwa kwa jua wakapata njia ya kufika mbali. Upande wetu, Wabelgiji waliochukua Ruanda-Urundi mwaka 1916 walijenga mji wa Usumbura, ambao leo ni Bujumbura. Mji huo ulikuwa na watu wengi waliohitaji kula, na wengi wao, kama wakazi wa Buyenzi, walizungumza Kiswahili. Samaki aliyevuliwa kwa ajili ya jirani alianza kuvuliwa kwa ajili ya mteja asiyejulikana.

Badiliko la pili lilikuwa la taa. Karabai ya mafuta ya taa ilichukua nafasi ya moto wa matete. Iliwaka usiku kucha, haikuogopa umande, na mwanga wake ulikuwa mkali zaidi. Lakini tofauti na matete, karabai haioti kando ya ziwa. Inanunuliwa dukani, na kila usiku inakunywa mafuta yanayonunuliwa pia. Hapo ndipo deni lilipoingia mtumbwini, maana mafuta lazima yalipwe hata usiku ambao samaki hawakuja.

Badiliko la tatu lilitokea katika miaka ya 1950. Wafanyabiashara Wagiriki waliokaa Usumbura walianza uvuvi wa kiviwanda kwa meli zenye injini na nyavu kubwa zinazozunguka kundi la samaki na kufungwa chini kama mfuko. Katika muongo huo huo, wavu wa kuinua ulianzishwa kwa ajili ya wavuvi wadogo. Mitumbwi miwili iliunganishwa kwa miti mirefu, wavu ukateremshwa katikati hadi kina cha makumi ya mita, karabai zikawashwa juu yake, na samaki walipokusanyika wavu ukavutwa juu kwa kamba. Kigoma vyombo hivyo huitwa vipe. Katika miaka ya 1980 Burundi ikapata vyombo vikubwa zaidi vya aina hiyo, vyenye nyavu pana na taa nyingi. Watu waliviita Apollo, jina lile lile la vyombo vya Marekani vilivyokwenda mwezini.

Tukilinganisha mbinu hizi, tutaona kwamba wazo ni lile lile la lusenga: giza, mwanga, subira, kuinua. Wavu wa kuinua ni lusenga iliyopanuliwa na kuteremshwa chini zaidi. Ndiyo maana wavuvi waliuzoea haraka. Hawakuwa wanaanza kujifunza uvuvi wa mwanga. Walikuwa wanapewa zana kubwa ya kazi waliyoijua.

Mbinu hii ilivuka mipaka pia. Mwishoni mwa miaka ya 1950, ndagala wa Tanganyika, aina ya Limnothrissa, walipelekwa na kupandwa katika Ziwa Kivu, ambalo halikuwa na samaki wa aina hiyo. Leo Wanyarwanda wanawaita isambaza, na wanawavua kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, yenye taa na wavu wa kuinua.

Nani aliinua, nani alipata

Lusenga moja ilihitaji mtumbwi mmoja na watu wachache, mara nyingi wa familia moja. Wavu wa kuinua ulihitaji mitumbwi miwili, taa kadhaa, mafuta, wavu wa nailoni na wafanyakazi wengi zaidi. Ni wachache walioweza kuvimiliki vyote hivyo. Wengine waligeuka vibarua. Kwa kawaida gharama za mafuta huondolewa kwanza, kisha mwenye chombo huchukua fungu lake, na kinachobaki hugawanywa kwa wale waliokesha majini. Wapo watakaosema kwamba kibarua wa Apollo alipata samaki wengi kuliko mvuvi wa lusenga. Inawezekana kabisa. Lakini mvuvi wa lusenga aliyepata kidogo hakuamka akidaiwa.

Uvuvi wa kiviwanda nao ulififia mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika upande wetu wa ziwa, na wavuvi wa mitumbwi wakabaki. Mtumbwi ulioonekana duni uliishi kuliko meli iliyokuja kuurithi. Hata hivyo haukubaki katika ziwa lile lile. Wavuvi ni wengi kuliko zamani, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba joto la maji limepanda, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri, na chakula cha samaki kimepungua.

Mwaka huo huo wa 2003 nchi nne za ziwa zilitia saini mkataba wa kulisimamia kwa pamoja. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Sipingi hatua kama hiyo, kwa sababu samaki wakiisha, hakuna atakayebaki na la kugombania. Lakini historia inatufundisha kuuliza swali moja: miezi hiyo mitatu inamgusa nani? Mwenye vyombo vingi anaweza kuviegesha na kusubiri. Kibarua hana cha kuegesha. Na mvuvi wa mtumbwi mmoja aliyekopa taa bado anadaiwa, hata kama taa imezimwa kwa amri.

Hitimisho

Historia ya uvuvi wa ndagala si safari ya kutoka ujinga kwenda ujuzi. Ujuzi ulikuwepo tangu wakati wa mwenge, na ndio uliobeba kila zana iliyokuja baadaye. Siku hizi karabai nazo zinaondoka, zikiachia nafasi taa za umeme wa jua. Taa hizo hazinywi mafuta, na huenda zikampunguzia mvuvi gharama za kila usiku. Lakini ikiwa zitanunuliwa na walewale wachache, na wengine wazitumie kwa kukodi, basi tutakuwa tumebadilisha taa tu.

Kwa hiyo napendekeza kwamba tunapoandika kuhusu zana za uvuvi, tusiishie kueleza zinavyofanya kazi. Tueleze pia zilitengenezwa na nani, zilinunuliwa kwa nini, na zilimwacha nani na deni. Babu yangu hakuhifadhi mpini wa lusenga kwa sababu ulimpatia samaki wengi kuliko karabai. Nilipomuuliza sababu, alisema tu kwamba ule ni wake.