Daftari la zamu, kutoka melini hadi kwenye programu ya C

Mtongwe, ng'ambo ya bandari ya Kilindini, ndiko iliko kambi ya Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoundwa Desemba 1964. Katika manowari, kama katika meli yoyote, afisa wa zamu huandika daftarini: saa, mwelekeo, upepo, hitilafu ya mtambo. Hangoji chombo kipate ajali ndipo atafute kalamu.

Watu wa kompyuta walianza na daftari hilo hilo. Tarehe 9 Septemba 1947, waliokuwa wakiendesha Harvard Mark II, mashine iliyojengwa kwa ajili ya wanamaji wa Marekani, walimkuta nondo amenasa kwenye rilei. Wakambandika ukurasani kwa utepe na kumwandikia maelezo. Masimulizi mengi humpa mtaalamu wa kompyuta Grace Hopper sifa ya kumkamata. Yeye aliieneza tu hadithi.

Miaka ya 1970 lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie huko Bell Labs, iliwapa waandishi wa programu printf, amri ya kuchapisha maneno. Unaitia pale unaposhuku, unakompaili upya, unasoma kilichotoka. Lakini printf ina hila. Ikielekezwa kwenye faili, maneno hulimbikizwa kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Programu ikianguka ghafla, mistari ya mwisho, ile hasa uliyoihitaji, hupotea nayo, nawe unabaki ukisaka kosa mahali ambapo programu ilishapita salama. Ndiyo maana kuna stderr, njia isiyolimbikiza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa akiunda Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe. Humo ndimo ilimotoka syslog. Programu nyingi zikaanza kupeleka taarifa mahali pamoja, kila taarifa na daraja lake: 0 ni dharura, 7 ni ujumbe wa kusakia kosa. Kwangu mimi, madaraja hayo ndiyo ubunifu wenyewe, kwani msimamizi hulinyamazisha la 7 siku za kawaida na kulifungua mambo yakiharibika. Ajabu ni kwamba syslog ilitumika miaka karibu 20 kabla ya kuelezwa katika waraka wa kiufundi wa RFC 3164, mwaka 2001.

Wewe unayejifunza C leo huna cha kununua. Tumia fprintf kwenye stderr, ongeza __FILE__ na __LINE__ ujue ujumbe umetoka mstari gani, na uyatie hayo mapema, programu ikiwa bado nzima.