Ruhusa ya Bwana na Nyumba ya Kampuni

Kalemie, mashariki mwa Kongo, ni mji uliolelewa na makampuni. Ulipokuwa bado unaitwa Albertville, kampuni ya reli ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ndiyo iliyofikisha njia ya treni kutoka Kabalo hadi hapa kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Baadaye kikaja kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Pamoja na kazi zikaja kambi: nyumba, posho, zahanati. Vyote hivyo vilipitia jina la mwanaume mwenye kazi. Mke aliyepigwa usiku akiamua kuondoka, alipoteza paa, chakula na dawa siku ileile.

Mimi niliingia kazini wakati wa Mobutu, karani wa mafaili katika kampuni moja ya usafirishaji hapa mjini. Faili la mama mwenye ndoa ulilitambua upesi: ndani mlikuwa na karatasi ya ruhusa ya bwana wake, yenye saini au alama ya kidole. Sheria ya Kazi ya 1967 ilikubali mke aajiriwe, mradi mume asipinge waziwazi. Sheria ya Familia ya 1987 ikakaza zaidi: mke alihitaji idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria lenye kumfunga kutoa huduma yeye mwenyewe.

Hiyo karatasi ilikuwa silaha. Wakigombana nyumbani, asubuhi bwana anakuja dirishani kwetu: “Mimi namkataza kazi.” Mama amesimama pembeni, jicho limevimba, kitenge amekivuta mpaka shavuni. Mkubwa wetu hakumtazama jicho. Aliomba faili, akasoma karatasi, akasema hayo ni mambo ya nyumbani. Kumbe kwa kumrudishia bwana ile ruhusa alikuwa ameshaamua ugomvi, na mama akakosa mshahara.

Msaada ulikuwepo, lakini ulitegemea roho ya mtu. Mlipaji wetu mmoja, mzee, alijua ni waume gani hungoja getini siku ya mshahara. Mama mwenye mume wa namna hiyo alimwita mapema, akamhesabia pesa mkononi mwake, kisha akamtoa kwa mlango wa magazini. Mzee alipostaafu, mlango ule ukafungwa.

Sheria zimegeuka. Ile ya Kazi ya 2002 ilifuta haki ya mume kumpinga mke kuajiriwa. Mwaka 2016 Sheria ya Familia ikaondoa sharti la idhini ya mume, ingawa bado inamtaja kuwa mkuu wa nyumba. Mwaka 2019, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 pamoja na Pendekezo namba 206, linalotaja likizo kwa anayeteswa nyumbani, saa za kazi zinazoweza kubadilishwa, na ulinzi asifukuzwe.

Wakubwa wa kazi wa Kalemie, iwe relini, bandarini, shuleni au dukani, msingoje mpaka apatikane mlipaji mwenye huruma. Andikeni katika kanuni zenu za ndani: mshahara uende kwa aliyeufanyia kazi, zamu ya anayeteswa nyumbani ibadilishwe akiomba, mlinzi wa geti ajue nani asiingie, siku alizokwenda hospitali au polisi zisihesabiwe kuwa utoro, na siri yake isitoke ofisini. Makampuni ndiyo yaliyoweka ruhusa ya bwana ndani ya faili. Ni haki sasa yaweke humo ulinzi wa mama.