Saratani Isiyopanda Mlima

Oktoba 1961, Tanganyika ikihesabu wiki zilizobaki kufikia uhuru, gari kuukuu la Ford liliondoka Kampala likiwa na madaktari watatu ndani. Mmoja wao, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, alikuwa na jicho moja. La pili alilipoteza akiwa mtoto. Wenzake, Ted Williams na Cliff Nelson, walikuwa madaktari wa misheni. Kwa wiki 10 walikwenda kiasi cha maili 10,000, kusini hadi Afrika Kusini na kurudi, wakisimama katika hospitali za serikali na za misheni. Kila walipofika walitoa picha na kuuliza swali moja: mmewahi kumpata mtoto aliyevimba taya namna hii?

Msimu huo huo, usiku wa kuamkia 9 Desemba, Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha mwenge na bendera mpya kwenye kilele cha Kilimanjaro. Mwenge tunausoma shuleni. Gari la Burkitt halijulikani, ingawa ndilo linalohusika zaidi na jambo ambalo siku hizi limewafanya watu wengi wapande mlima ule: kansa ya watoto.

Sisi wa Uroa, Unguja, mwisho wa safari hizo za mlimani tunaujua. Kisiwa chetu hakina kilima kinachofika mita 150, lakini Kilimanjaro hutufikia kila msimu kwa miguu ya watalii. Wanakuja kupumzika baada ya kushuka: pua zimebabuka, kucha za miguu zimekuwa nyeusi, ngazi tatu za hoteli wanazishuka upandeupande kwa maumivu ya mapaja. Wapo wanaovaa fulana zenye nembo ya hospitali ya watoto ya kwao, na wapo wenye picha ya mtoto kifuani. Maji yakitoka, kina mama wa mwani huwapita wakielekea kwenye vigingi vyao. Salamu zinabadilishwa, na kila mtu anaendelea na lake.

Kupanda ili kuchangia jambo fulani si desturi ya zamani pale. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, waliofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, walipanda kwa ajili ya jina na dola ya Ujerumani, na kilele wakakiita kwa jina la Kaizari wao. Msafara wao ulijazwa wapagazi wa pwani, na mmoja, Mwini Amani wa Pangani, alibaki nao kwenye kambi ya juu wenzake waliposhushwa kwenye joto. Kijana wa Marangu anayekumbukwa kuwa aliwaongoza, Yohani Lauwo, alikuja kuenziwa miaka mia moja baadaye, akiwa mzee sana. Nyirenda alipanda kwa ajili ya taifa. Harambee zilikuja baadaye sana. Tangu 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita umekuwa ukiandaa upandaji wa kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, na wafadhili wakazoea kuandika hundi kwa kuhesabu mita 5,895.

Kwa upande wa saratani, jina linalotajwa sana ni la Mmarekani Sean Swarner. Alipata saratani ya tezi akiwa na miaka 13, akapona. Kabla hajamaliza shule ya sekondari ikamjia ya pili, ya aina nyingine, kifuani, na matibabu yakamwacha na pafu moja linalofanya kazi. Mwaka 2002 alifika kileleni Everest, wa kwanza aliyepona saratani kufanya hivyo, na baadaye Kilimanjaro ikawa kituo chake cha kurudia, akipandisha makundi ya watu wanaochanga ili waliougua nao wapande. Bendera yake hubeba majina ya wagonjwa. Unaweza kudharau maonyesho ya namna hii, nami huwa nakaribia kuyadharau, lakini mtu mwenye pafu moja akipita mita 5,000 ana haki ya kusikilizwa.

Hata hivyo, mtu aliyeunganisha urefu wa ardhi na saratani ya watoto kabla ya wote hakuhitaji kufika kilele chochote.

Mwaka 1957, Mulago, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita Burkitt kumwona mtoto wa miaka mitano. Taya zote mbili zilikuwa zimevimba, juu na chini, kushoto na kulia, na meno yamelegea. Uvimbe unaoanza mahali pamoja hauendi hivyo, na usaha wa jino hauendi hivyo. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alitazama dirishani akamwona mtoto mwingine amekaa nje na mama yake, na uso ule ule. Alitoka kwenda kumpima, akakuta na uvimbe tumboni. Kuanzia hapo alichimba mafaili, akachapisha alichokiona mwaka 1958, kisha akatuma karatasi za maswali kwa hospitali za Afrika nzima na kuanza kuchomeka pini kwenye ramani.

Pini zikachora mkanda katikati ya bara, na mkanda ulikuwa na matundu. Safari ya Ford ilikuwa ya kuyatafuta matundu hayo. Waligundua kwamba karibu na Ikweta ugonjwa unakoma kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Ukienda kusini, mpaka huo unashuka, hadi kufikia mahali ambapo unauona uwandani tu. Kumbe suala halikuwa kimo, bali joto: panapokuwa baridi sana au pakavu sana, watoto hawaupati. Saratani inayoogopa baridi ilikuwa kitu kigeni kwa madaktari wa enzi hizo. Ila mbu nao wanaogopa baridi.

Mapema mwaka huo wa 1961, kabla ya safari, Burkitt alikuwa amezungumza London, na mtafiti Anthony Epstein alikuwa ukumbini. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, wakatangaza kirusi kipya ndani yake. Kirusi hicho karibu kila binadamu anacho. Mtoto anayepigwa na malaria mara kwa mara ndiye hushindwa kukidhibiti, na hapo saratani hupata mlango.

Hapa ndipo Unguja inapoingia. Pwani ya bara ugonjwa ulikuwepo. Unguja na Pemba, mwendo mfupi wa bahari, ulikuwa nadra sana. Hewa ni moja, joto ni moja, mvua haikosekani. Tofauti ilikuwa wapiga dawa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, nyumba za visiwani zilikuwa zikipuliziwa dawa ya kuua mbu, na malaria ikashuka. Watafiti walioshuku mbu walivitaja visiwa vyetu kuwa ushahidi. Kampeni ikasimamishwa mwaka 1968, malaria ikarudi kwa kishindo. Ni baada ya dawa mseto kuanza kutumika mwaka 2003, kisha vyandarua na upuliziaji, ndipo maambukizi yaliposhuka tena, hadi chini ya asilimia moja.

Kwa hiyo nitasema jambo ambalo huenda wapandaji wasilipende. Machi 2009 watu tisa mashuhuri nchini Uingereza, akiwemo mwimbaji Gary Barlow, walipanda Kilimanjaro na kukusanya zaidi ya paundi milioni 3. Neno saratani halikuwa kwenye mabango yao, walichangia vyandarua. Naona safari ile ilisaidia dhidi ya saratani ya watoto wa Afrika kuliko nyingi zenye jina hilo.

Lakini chandarua hakizuii yote. Saratani ya damu haijali mbu wala kimo. Ya figo huanza kama tumbo gumu linalodhaniwa bandama. Ya jicho huonekana kwenye mboni inayong'aa nyeupe, kama ya paka usiku, na mara nyingi mzazi huiona kwanza kwenye picha ya simu. Hizi zinatibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto na vijana 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri hupona zaidi ya asilimia 80, katika nchi nyingi maskini chini ya 30. Kinachotofautisha si mlima bali dawa, kugundua mapema, na kuimaliza tiba.

Kwa Tanzania, mahali pa tiba hiyo pana historia yake. Mwaka 1897 Dar es Salaam ilipata hospitali kwa fedha alizotoa mfanyabiashara wa Bagamoyo, Sewa Haji Paroo, tajiri aliyekuwa akiipatia misafara ya Wazungu vifaa na wapagazi. Hospitali hiyo ndiyo chimbuko la Muhimbili, na jina lake bado liko kwenye jengo la wodi. Mwaka 2011 wodi ya watoto wenye saratani ilihamia hapo kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, na taasisi ya Tumaini la Maisha, chini ya daktari Trish Scanlan, naye Muirishi, inashirikiana na serikali ili mtoto atibiwe bila kulipa na mzazi apate pa kulala.

Kupanda Kilimanjaro kwa siku saba humgharimu mgeni fedha nyingi, na sehemu kubwa huishia kwenye ada za hifadhi, hema, chakula na posho za wagumu, kama wapagazi wa mlimani wanavyojiita. Si hasara, nao wana watoto. Michango ya marafiki wa mgeni huyo ndiyo inayokwenda wodini, ikifika. Ikinunua kemo, vizuri. Ikinunua nauli, naona bora zaidi, maana mtoto wa Uroa huanza kwa gari ya shamba hadi mjini, hospitali ya Mnazi Mmoja wakimwandikia rufaa anapanda boti Malindi, na akivuka kuna daladala ya Muhimbili, mama kaacha mwani wake na wadogo nyumbani. Tiba ya saratani ya damu mara nyingi huchukua miaka miwili hadi mitatu. Boti inalipiwa kila safari, kwenda na kurudi, kwa watu wawili.