Detekta na maji chumvi: historia ya mashine iliyosumbuliwa na mchanga

Tarehe 31 Julai 1715 tufani iliukumba msafara wa merikebu za Kihispania uliokuwa umetoka Havana kurudi nyumbani. Merikebu 11 zilivunjikia pwani ya mashariki ya Florida zikiwa na shehena ya fedha na dhahabu. Zaidi ya karne mbili baadaye mkazi wa huko, mjenzi wa nyumba aitwaye Kip Wagner, alianza kuokota ufukweni sarafu za fedha zilizogeuka nyeusi, hasa baada ya dhoruba. Alijipatia kifaa cha kutafutia mabomu ya ardhini kilichouzwa kama mali kuukuu ya jeshi la Marekani, akapita nacho kwenye vilima vya mchanga juu ya ufuko, na huko akagundua kambi ya manusura wa ajali ile.

Huko juu mchanga ulikuwa mkavu. Hatua chache chini yake, mawimbi yanapofika, vifaa vya kizazi kile vilikuwa taabu tupu. Hatua hizo chache ndizo zilizowasumbua mafundi wa detekta za metali kwa miongo mingi, na ndizo anazopaswa kuzifikiria kwanza mtu yeyote anayetaka kununua mashine ya kutumia baharini.

Chanzo cha mashine hizi ni cha zamani kuliko Wagner. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, yule wa simu, alileta chombo cha umeme ili kuitafuta risasi mwilini. Hakuipata. Rais alikuwa amelazwa juu ya godoro lenye springi za chuma, na madaktari walimruhusu Bell kupima upande ambao risasi haikuwamo. Garfield alifariki Septemba mwaka huo.

Aliyeifanya mashine iuzike ni Gerhard Fischer, mhandisi mhamiaji kutoka Ujerumani, aliyekuwa akishughulikia redio za kuonyesha ndege uelekeo. Redio hizo zilikuwa zikikosea palipokuwa na metali au miamba yenye madini. Wengine wangelitafutia kosa hilo dawa na kuendelea na safari. Fischer alilichukua kosa lenyewe akaligeuza kuwa kazi: kama madini yanaivuruga redio, basi redio inaweza kuyatafuta madini. Mwaka 1931 alianzisha maabara yake katika gereji huko Palo Alto, California, na mwaka 1937 akapata hataza ya kifaa alichokiita Metallascope, masanduku mawili ya mbao yenye koili za shaba ndani. Madini yale yale yaliyoizaa mashine hii ndiyo yaliyokuja kuisumbua baadaye ufukweni.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikaiharakisha kazi. Luteni Józef Kosacki wa Poland, akiwa uhamishoni Uskoti, alibuni kifaa cha kutambua mabomu, na vifaa 500 vya aina hiyo vilitumika El Alamein, Misri, Oktoba 1942. Baada ya vita vifaa vya majeshi vikamwagika sokoni, na raia wakavipeleka ufukweni.

Tatizo la ufukweni ni hili. Koili hupitishiwa umeme unaobadilika-badilika, nao hutengeneza uga wa sumaku unaopenya mchangani. Uga huo ukikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo hurudisha ishara. Lakini maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, nayo hupitisha umeme. Kwa hiyo mchanga mbichi wote ulio chini ya koili huitika kana kwamba una metali, na mwitikio wake hukaribiana mno na ule wa pete nyembamba ya dhahabu. Hapo ongeza mchanga mweusi wenye madini ya chuma ya magnetaiti, ambao huivuta ishara upande mwingine kabisa. Mashine ya masafa mamoja, yaani inayotuma umeme wa kasi moja tu ya kubadilika, ukiisawazisha ipuuze chumvi, mchanga mweusi unapiga kelele. Ukiisawazisha ipuuze mchanga mweusi, chumvi inaamka.

Mtazame anayetafuta kando ya maji siku ya bamvua. Wimbi likipita chini ya koili, mashine inaunguruma masikioni mwake; likirudi, inanyamaza kidogo, kisha inaunguruma tena. Akichoka, anapunguza nguvu ya mashine ili apate utulivu. Utulivu anaupata, na pete iliyozama kiasi cha shubiri moja anaipita juu bila kuisikia.

Suluhisho la kwanza lilikuwa la mpigo. Katika miaka ya 1960 Mwingereza Eric Foster, akifanya kazi katika maabara ya utafiti wa akiolojia ya Oxford, alishughulikia mashine inayotuma mpigo mfupi wa umeme, inaukata, kisha inasubiri sehemu chache za milioni za sekunde kabla ya kusikiliza. Mwitikio wa maji chumvi huwa umeshakufa. Wa metali bado upo. Kasoro yake ni kwamba msumari na pete huitika karibu sawa, hivyo utachimba vyote. Suluhisho la pili lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990: mashine zinazotuma masafa kadhaa kwa pamoja, zikalinganisha majibu na kuondoa chumvi na madini. Kampuni ya Fischer, iliyojulikana kama Fisher, ilitoa ya masafa mawili, na Minelab, kampuni iliyoanzishwa Adelaide, Australia, mwaka 1985, wakatoa Sovereign. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilileta Equinox, na masafa mengi yakawa ndani ya uwezo wa watu wa kawaida zaidi.

Pwani yetu nayo ina mchanga wa namna hiyo. Kwale, Kenya, madini ya ilmenaiti, yenye chuma na titani, yalichimbwa kibiashara kuanzia 2013 hadi 2024. Kwa ufuko wenye mchanga mweusi uamuzi wangu ni mmoja: nunua ya masafa mengi, au ya mpigo kama una subira ya kuchimba misumari. Ya masafa mamoja, hata ikiwa rahisi na inang'aa dukani, iache kwa bara.

Lakini pwani hii ina jambo zito kuliko pete zilizopotea. Mwaka 1944 askari wa anga wa Australia aliokota mchangani, katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, sarafu tano za shaba za Kilwa, mji wa kale wa pwani hii, pamoja na nne za Kiholanzi. Alizihifadhi tu, na zikatambuliwa zaidi ya miongo mitatu baadaye. Zilifikaje kule? Hakuna ajuaye kwa hakika hadi leo, na ziliinuliwa bila mwanaakiolojia kuwapo kuandika zililala kina gani, pamoja na nini. Kinyume chake, sarafu ya China iliyopatikana Mambrui, karibu na Malindi, Kenya, mwaka 2010 ilitoka katika uchimbaji wa wanaakiolojia, na ndiyo maana inaweza kutoa ushahidi.

Sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya 1964 na ile ya makumbusho na urithi ya Kenya ya 2006 zinakataza kuchimbua mali ya kale bila kibali. Kwa hiyo wewe mwenye detekta, ikikulilia karibu na magofu, ukaona sarafu nyembamba ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu, usichimbe zaidi. Weka alama mahali hapo, piga picha, ukawaite watu wa makumbusho.